Kamari Yenye Mpaka

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinijia kijana niliyemsomesha chuoni tangu alifu na be. Ni kijana mwenye adabu, ana kazi yake, ana mke na mtoto mchanga, na mama yake mjane anamtegemea yeye. Alingoja watu wapungue msikitini, kisha akanambia, "Sheikh, nina swali, nawe usinikasirikie." Nikamwambia, "Uliza mwanangu, kuuliza si ujinga."

Akasema, "Mimi usiku hucheza poka kwa simu, na watu nisiowajua. Lakini mimi si kama wale wanaouza nyumba zao. Mimi nina mpaka wangu, shilingi mia mbili kwa siku, hazizidi. Na meza yenyewe ninayochezea ni meza ya mpaka, mtu hawezi kupandisha dau kama apendavyo. Je, Sheikh, kitu chenye mpaka namna hii nacho ni ile kamari iliyoharimishwa?"

Jibu la swali hili ni neno moja, ndugu msomaji, na neno hilo ni ndiyo. Wala halikunipa taabu kulijua. Lakini niliona kuwa kijana huyu hakuja na ukaidi, bali amekuja na hoja. Na mwenye kuja na hoja haki yake ni kujibiwa kwa hoja. Nikamwomba siku chache. Nikaingia kuitafuta khabari ya mchezo huo, ulitoka wapi, na hiyo mipaka yake iliwekwa na nani na kwa maslahi ya nani. Haya uyasomayo ndiyo niliyomwandalia yeye, nami nimeona nikupe na wewe, kwani huenda nyumbani kwako mna kijana mwenye swali hilo hilo ila hajathubutu kuliuliza.

MISHALE NA NGAMIA

Kwanza tuanze kwetu, kabla hatujakwenda nchi za watu. Kamari ambayo Qur'ani inaitaja kwa jina la maisir haikuwa mchezo usio na mpaka. Mpaka wake ulikuwa wazi kuliko mpaka wa kijana wetu.

Wafasiri wametusimulia ilivyokuwa. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakikusanyika, khasa wakati wa baridi na dhiki, wakanunua ngamia kwa mkopo, wakamchinja na kumkata mafungu. Kisha huletwa mishale kumi isiyo na ncha wala manyoya, kila mmoja una jina lake. Saba ilikuwa na sehemu: wa kwanza, al-fadhdh, una sehemu moja, wa pili, at-tau'am, una sehemu mbili, na hivyo hivyo ikipanda mpaka wa saba, al-mu'alla, wenye sehemu saba. Mitatu iliyobaki ilikuwa mitupu, haina kitu. Mishale hutiwa mfukoni, ikatikiswa, ikatolewa mmoja mmoja na mtu waliyemwamini. Aliyetokewa na mshale wenye sehemu alichukua nyama, na aliyeangukiwa na mshale mtupu ndiye aliyelipa thamani ya ngamia.

Tazama basi, ndugu yangu. Mpaka wa khasara unajulikana: ni bei ya ngamia mmoja. Mpaka wa faida unajulikana: ni sehemu za mshale wako. Tena wenye kushinda walikuwa hawali nyama ile wenyewe. Waliwapa masikini na wajane, wakajifakhirisha kwa ukarimu, na asiyetaka kuingia katika mchezo wakimwita bakhili. Lau ingekuwepo kamari inayofaa kuachiwa kwa ajili ya mpaka wake na kheri yake, basi ingekuwa hii.

Na Mwenyezi Mungu hakuikana faida hiyo. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, ametueleza kuwa ndani ya ulevi na kamari mna manufaa fulani kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, akaufunga mlango kabisa, akatubainishia sababu: kuwa shetani anataka kutia uadui na chuki baina yetu kwa vitu hivyo, na kutuzuilia kumkumbuka Mungu na kusali. Hakusema tupunguze dau. Hakusema tuweke ngamia mmoja badala ya wawili. Aliharimisha mchezo pamoja na mpaka wake. Kwa nini? Imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba mtu wa zama za ujahili alikuwa akiweka rehani mali yake na ahali zake. Watu wale wale wenye mchezo wa ngamia mmoja ndio waliofika huko. Basi mpaka walikuwa nao, lakini mpaka haukuwazuia.

KARATA ZILIPITA KWETU

Wako watu husema kuwa karata ni uchafu wa Wazungu uliotujia kwa meli. Insafu ni bora, ndugu msomaji. Karata asili yake ni Uchina, na njiani zilipita katika nchi za Waislamu. Misri katika zama za Mamluki watu walicheza karata, na mpaka leo katika jumba la Topkapi mjini Istanbul yamehifadhiwa baadhi ya makaratasi yao yaliyotiwa nakshi za dhahabu. Karata zile zilikuwa za namna nne: vikombe, darahim yaani fedha, suyuf yaani panga, na fimbo za kuchezea mpira juu ya farasi. Kutoka huko ziliingia Ulaya katika miaka ya 1370.

Na ushahidi wa safari hiyo umo katika ulimi wetu wenyewe. Wareno walipoingia pwani yetu, tangu 1498, walituachia maneno, na miongoni mwake ni karata na majina yake. Sisi husema kopa, na kwa Kireno neno hilo ni vikombe. Husema uru, nayo ni dhahabu. Husema pau, nazo ni fimbo. Husema shupaza, nazo ni panga. Karata tunazoziona leo zina picha ya moyo juu ya kopa, lakini jina bado ni la kikombe cha Misri. Basi tusijidai kuwa maradhi haya ni ya wengine. Tumekuwa nayo nyumbani kwa majina yake manne.

MTO WA MISSISSIPPI

Ama huo mchezo wa poka ulizaliwa Marekani, katika nchi ya Louisiana ambayo Ufaransa iliiuza kwa Wamarekani mwaka 1803. Jina lake linafanana na poque, mchezo wa zamani wa Kifaransa. Bandari kuu ya nchi ile ni New Orleans, karibu na mdomo wa mto mkubwa wa Mississippi. Mwaka 1812 meli ya kwanza ya moshi ilifika hapo, na tangu hapo wafanyabiashara wa pamba, wakulima na mabaharia wakawa wanapanda na kushuka mto huo siku nyingi, mifukoni mna fedha za mavuno na mikononi hamna kazi. Hapo ndipo wacheza kamari walipopata shamba lao.

Mwigizaji mmoja wa Kiingereza, Joe Cowell, alikuwa ndani ya meli kama hizo mwaka 1829, akaona mchezo huo ukichezwa. Zama hizo ulikuwa wa karata 20 na watu wanne, kila mtu tano, zikaisha. Baadaye ndipo zilipoingia karata zote 52.

Sasa nisikilize vizuri, kwani hapa ndipo lilipo fundo la khabari yetu. Katika michezo mingi ya karata, karata ndizo zinazoamua. Katika poka si hivyo. Kila mtu hushika karata zake kwa siri, na watu huweka fedha kwa mizunguko, kidogo kidogo, katikati ya meza. Fedha hizo za katikati tuziite fungu. Mwenzako akiweka dau, wewe una njia tatu: ulifuate kwa kuweka kama yeye, au ulipandishe kwa kuweka zaidi, au ulaze karata zako na ukose ulichokwisha kutoa. Wakilaza wote, aliyebaki peke yake huchukua fungu zima bila ya kuonyesha ana nini. Yaani mtu mwenye karata mbovu kabisa aweza kushinda, akiwatisha wenziwe kwa fedha. Basi mchezo huu silaha yake ni dau na uwongo, karata ni kisingizio tu.

Na ikiwa silaha ni dau, basi mwenye mfuko mzito ndiye mwenye upanga mrefu. Mtu ana karata nzuri lakini ana dola kumi; tajiri anaweka mia; masikini hana la kufanya ila kulaza. Watu wakaona kuwa mchezo namna hii utaua wachezaji wake wote upesi. Hapo ndipo ikaja haja ya mipaka. Sikuona mahali popote kuwa mipaka ile iliwekwa kwa kuwahurumia watoto wa mchezaji. Iliwekwa ili mchezo usife.

Na fitina haikungoja mipaka. Mwezi wa Julai 1835, katika mji wa Vicksburg ulio kando ya mto huo huo, raia walighadhibika na wacheza kamari waliojaa mjini mwao, wakawavamia, wakapigana, na mwisho wakawanyonga watu watano bila ya kadhi wala hukumu. Huo ndio uadui na chuki tuliotahadharishwa. Wale walikula mali za watu kwa batili, na hawa wakamwaga damu kwa batili, na mji wote ukawa umeingia katika dhulma. Miaka minane baadaye, 1843, Jonathan Green, aliyekuwa mcheza kamari kisha akaacha, alitoa kitabu kuwafichulia watu hila za wenziwe wa zamani. Poka aliihesabu katika michezo ya udanganyifu.

MIPAKA YENYEWE NI IPI

Nimejitahidi kuifahamu mipaka hii, nami nitakueleza kwa hesabu nyepesi ambayo hata mtoto wa chuoni ataifuata.

Mpaka wa kwanza ni dau la mezani. Maana yake, mtu hawezi kutoleshwa wala hawezi kutumia ila fedha zilizokuwa mbele yake karata zilipogawiwa. Asitie mkono mfukoni katikati ya mchezo, asilete hati ya shamba. Akiishiwa, anabaki kushindania sehemu ya fungu aliyoilipia, na wenye zaidi hushindania zaidi kando. Kwa dhahiri mpaka huu ni mzuri. Lakini unazuia mkono kwa muda wa mchezo mmoja tu, nao ni dakika mbili au tatu. Mchezo ukiisha, mfuko unafunguliwa tena.

Mpaka wa pili ndio ule wa kijana wetu: kila dau lina kiasi chake maalumu. Tuseme meza ni ya dola mbili na nne. Mizunguko ni minne. Miwili ya mwanzo dau ni mbili, na miwili ya mwisho dau ni nne. Katika kila mzunguko, desturi ya sehemu nyingi ni kuwa dau laweza kuwekwa na kupandishwa mara tatu, yaani madau manne. Basi hesabu: mizunguko miwili ya mwanzo, kila mmoja nane, ni kumi na sita. Mizunguko miwili ya mwisho, kila mmoja kumi na sita, ni thelathini na mbili. Jumla 48. Mtu aliyekaa akiambiwa kuwa mpaka wa meza ni nne, aweza kupoteza arubaini na nane kabla maji ya chai hayajachemka. Mpaka ni wa kila hatua, si wa safari. Na mtu huangamia kwa safari.

Mpaka wa tatu ni mpaka wa fungu: unaruhusiwa kuweka dau lisilozidi fedha zilizomo katikati. Sikio likisikia husema, huu una kiasi. Haya tuhesabu. Wamebaki watu wawili, na fungu lina dola kumi. Wa kwanza anaweka kumi, wa pili anafuata kumi, fungu ni 30. Mzunguko wa pili anaweka 30, mwenziwe anafuata, fungu ni 90. Wa tatu linakuwa 270. Wa nne linakuwa 810. Kila mmoja wao ametoa dola 400 kushindania fungu lililoanza na kumi, wala hakuna aliyevunja sharia ya meza. Kila mzunguko mpaka ulikuwepo, na kila mzunguko mpaka ulipanda pamoja nao, kama maji ya bamvua yanavyomfuata mtu aliyekaa ufukweni.

Kisha iko namna ya nne, isiyo na mpaka ila lile dau la mezani: mtu wakati wowote aweza kusukuma mbele kila alichonacho kwa mara moja. Hiyo ndiyo leo yenye fakhari kubwa duniani, nami nitakuja kwayo.

MWENYE MEZA

Lakini kwanza tuulize, katika haya yote, nani asiyepoteza?

Katika mji wa Gardena, huko California, tangu mwaka 1936 palifunguliwa nyumba za kuchezea poka kwa idhini ya mji. Mwenye nyumba hakucheza na watu. Alikodisha kiti. Kila nusu saa mchezaji alilipa kodi ya kiti chake, akishinda au akishindwa. Sehemu nyingine mwenye meza hukata kidogo katika kila fungu. Na katika simu ya kijana wetu ni hivyo hivyo, ila mkono unaokata hauonekani.

Tufanye hesabu ya mfano. Watu wanane wamekaa mezani, kila mmoja ana dola 100. Jumla ni 800. Kwa saa moja huchezwa michezo 30, na mwenye meza anakata dola nne katika kila mchezo. Kwa saa moja amepata 120. Ikiwa hakuna atakayeongeza fedha, basi baada ya saa saba hakuna hata senti moja mezani, na watu wote wanane wamekwisha, mjuzi na mjinga, mwenye bahati na asiye na bahati.

Sasa umefahamu kwa nini mwenye meza anaupenda mpaka. Mahali pasipo na mpaka, mtu mmoja huwamaliza wenziwe kwa usiku mmoja, na wao hawarudi. Mahali penye mpaka mdogo, fedha huzunguka polepole kutoka mkono huu kwenda mkono ule, na kila zikizunguka zinapita mbele ya mwenye meza, naye anakata. Mfugaji mwenye akili hamkamui ng'ombe mpaka damu, kwani kesho anamtaka tena. Mpaka ni ukuta uliojengwa kuilinda meza na mchezaji, na kijana wetu ameuona akadhani ni ukuta unaomlinda yeye na meza.

WALIOFIKA MWISHO WA NJIA

Jimbo la Nevada liliihalalisha kamari mwaka 1931, na mji wa Las Vegas ukajengeka juu yake. Mwaka 1970 tajiri mmoja wa nyumba za kamari, Benny Binion, aliwakusanya wachezaji wakubwa kushindana, na tangu 1972 kiingilio cha shindano lake kuu kikawa dola 10,000. Mwaka 2003 shindano hilo lilishindwa na karani wa mahesabu aitwaye Chris Moneymaker, aliyepata nafasi yake kwa kiingilio kidogo katika intaneti, akachukua dola milioni mbili na nusu. Khabari yake ikaenea duniani kote, na kila karani akajiona ni yeye. Mwaka ule waliingia watu 839. Mwaka 2006 waliingia 8,773. Jina la aliyeshinda ndilo lililoandikwa magazetini. Maelfu waliorudi mikono mitupu hawakuandikwa.

Katika mabingwa wa shindano hilo yuko Stu Ungar, aliyeshinda mwaka 1980, na 1981, na tena 1997, mara hiyo ya mwisho akichukua dola milioni moja. Watu wa fani hiyo husema hapajatokea aliyemshinda kwa akili ya karata. Mwezi wa Novemba 1998, mwaka mmoja na nusu baada ya milioni ile, alikutwa amekufa peke yake katika chumba cha nyumba ya wageni ya bei ndogo huko Las Vegas, naye ana umri wa miaka 45. Kamari na madawa ya kulevya vilikuwa vimekula kila kitu, na watu wakachanga fedha za kumzika. Simtaji kwa kumcheka, Mungu ndiye ajuaye siri za waja wake. Namtaja kwa sababu kijana akicheza husema, "Mimi nitajua zaidi." Haya, huyu alijua kuliko wote.

Utasema, huyo alicheza bila mpaka. Basi chukua mwenye mpaka. Andy Beal, mwenye benki wa Texas, tangu 2001 alikuwa akienda Las Vegas kucheza na wachezaji mashuhuri poka ya mpaka, mpaka kama ule wa kijana wetu kwa sharia yake, ila kiasi chake kilipanda mwaka baada ya mwaka hata mwaka 2004 kikafika dola 100,000 na 200,000 kwa dau. Mwezi wa Februari 2006, kwa siku tatu tu, alipoteza zaidi ya dola milioni 16 kwa mtu mmoja, Phil Ivey. Meza ilikuwa na mpaka tangu mwanzo hata mwisho. Mpaka ni nambari, ndugu msomaji, na nambari haina woga. Atakayeiandika mbili ndiye huyo huyo atakayeiandika laki mbili.

TULIVYOSOMA SIMU

Kijana alirudi, nami nikamweleza haya niliyokueleza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sheikh, hayo ni ya matajiri. Mimi wangu ni mia mbili."

Sikubishana naye. Nikamwambia, "Je, simu yako inaweka khabari za fedha unazotuma?" Akasema, "Naam, zote." Nikamwambia, "Tuzisome pamoja, tangu siku ya kwanza."

Tukakaa barazani, yeye akisoma na mimi nikiandika nyuma ya bahasha. Wiki mbili za mwanzo kila siku ni mia mbili, sawasawa na alivyosema. Kisha siku moja nikaona mia mbili mara mbili. Akasema, "Hiyo moja ni ya jana yake, siku ile sikucheza." Nikaandika. Mwezi wa pili zikaanza mia tatu. Akasema, "Hapo niliona mia mbili haitoshi kukaa mezani." Nikaandika. Siku ya mshahara ikaja mia tano, na kesho yake mia tano. Hakusema kitu, nami sikumuuliza. Mwezi wa tatu alisoma mistari mitano au sita, kisha sauti ikampungua, akanipa simu nisome mwenyewe.

Tulipojumlisha tulitoa na alizoshinda, kwani hakukosa kushinda, na haki lazima iandikwe. Iliyobaki ilikuwa khasara inayokaribia kodi ya miezi mitatu ya nyumba anayokaa mama yake. Akaitazama ile bahasha muda mrefu. Kisha akanambia, "Sheikh, wallahi nilikuwa najua kuwa mpaka wangu ni mia mbili."

Nami namsadiki. Hakunidanganya mimi, alijidanganya mwenyewe, tena kila aliposogeza mpaka alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya siku moja tu. Hivyo ndivyo mpaka wa mwanadamu ulivyo katika jambo alipendalo: aliyeuweka ndiye anayeuondoa, naye huuondoa saa ile ile anayouhitaji. Mpaka wa Mwenyezi Mungu haukuwekwa na mchezaji, ndiyo maana mchezaji hawezi kuusogeza. Na hiyo ni rehema kubwa, si ukali. Mola wetu alimjua mtu huyu kabla hajajijua.

Akaniuliza afanye nini. Nikamwambia atubie, aufute mchezo ule katika simu saa ile ile tukiwa tumekaa, na alizozipata kwa kamari asizile wala asimlishe mtoto wake, bali azitoe kwa wahitaji kwa nia ya kujitakasa nazo, si kwa kutafuta thawabu. Na ametufundisha Mtume (S.A.W.) kwamba hata mwenye kumwambia mwenziwe tu, "Njoo tucheze kamari," basi na atoe sadaka, seuze aliyecheza. Kisha nikamwambia jambo lililokuwa zito kwake kuliko yote: amweleze mke wake. Kwani maradhi haya hukua kwa siri, na mwenye kusaidiwa ni yule aliyejulikana.

Ewe baba, ewe mama unayesoma haya, usiende mbio kumshika mwanao shingoni kama watu wa Vicksburg. Uliza kwa upole. Usimwulize anacheza kwa kiasi gani, kwani atakutajia mpaka wake naye ataamini anasema kweli. Kaa naye, mwombe msome pamoja, muandike, mjumlishe. Na ikiwa alikuja mwenyewe kuuliza, basi mshukuru Mungu, kwani wengi hawaji.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atukinge sisi na watoto wetu na chumo la haramu, atutosheleze kwa halali yake, na awarejeshe kwa wema waliopotea. Wallahu aalam.